Shati, Koti na Miwani: Nani Aliijenga Italia?

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na mwenye swali asilimeze. Hadithi ya leo inatoka mbali, Italia, na ndani yake mna ubishi mkubwa. Wabishi ni watatu: Shati, Koti na Miwani.

"Mjomba, kwani shati linaongea?"

Kwenye hadithi, mwanangu, hata kifungo kinaongea. Wewe tega sikio.

Shati ana rangi nyekundu. Alikuwa wa Giuseppe Garibaldi, baharia aliyekuja kuwa jemadari. Koti ana rangi nyeusi. Alikuwa wa Giuseppe Mazzini, mwandishi aliyesakwa na polisi. Miwani ni mdogo, wa mviringo. Alikaa juu ya pua ya Camillo Cavour, waziri mkuu. Wenyewe walikufa zamani, lakini vitu vyao vikikutana tu, ni kelele. Kila mmoja hudai lile lile: "Italia niliijenga mimi!"

"Mjomba, nchi inajengwaje? Si ipo tu?"

Ahsante kwa swali hilo. Watu wazima wengi hawalifikirii. Mwaka 1815 milima ya Italia ilikuwepo. Bahari ilikuwepo. Watu walikuwepo. Lakini nchi moja yenye serikali moja haikuwepo. Napoleon, Kaisari wa Ufaransa, alikuwa ameshindwa vitani, na wakubwa wa Ulaya walikutana Vienna kugawana ardhi. Milano na Venezia zikachukuliwa na Austria. Roma na nchi za katikati zikarudi kwa Papa. Kusini, kutoka Napoli hadi kisiwa cha Sisilia, akatawala mfalme wa ukoo wa Bourbon. Kaskazini magharibi, Torino, alikuwepo mfalme mwingine, wa dola la Piemonte na Sardinia. Katikati yao vikabanwa vijidola kama Toscana, Parma na Modena. Mtu wa Milano akitaka kwenda Napoli, alivuka mpaka, akavuka mpaka, akavuka tena mpaka. Kila mpaka na ushuru wake. Kila mpaka na askari wake.

Basi Koti akakohoa. Yeye ndiye mkubwa wao kwa umri.

"Nianze mimi," akasema. "Bwana wangu alizaliwa Genova mwaka 1805, mtoto wa daktari. Tangu ujana wake alivaa nguo nyeusi. Alikuwa matangani."

"Alifiwa na nani?"

"Hakufiwa na mtu. Aliililia nchi yake iliyokatwa vipande. Mwaka 1830 alikamatwa kwa kuwa katika chama cha siri, akafungwa kwenye ngome ya Savona. Alipotolewa ikabidi aihame nchi. Mwaka 1831, akiwa Marseille, Ufaransa, akaanzisha chama chake mwenyewe, akakiita Italia Changa. Kilikuwa chama cha vijana. Waliotimiza miaka 40 hawakutakiwa! Na madai yake yalikuwa wazi: Italia iwe moja, iwe huru, na iwe jamhuri. Mfalme asiwepo."

"Mjomba, jamhuri ni nini?"

Ni nchi ambayo mkuu wake hachaguliwi na tumbo lililomzaa. Wananchi ndio wenye nchi. Siku hizo neno hilo liliweza kumpeleka mtu jela.

Koti akaendelea. "Tukahamia London mwaka 1837. Huko bwana wangu aliwakuta watoto wa Kiitaliano wakizurura mitaani na vinanda vya kuzungusha kwa mkono, wakiwapelekea mabwana zao senti walizopata. Hawakujua kusoma. Mwaka 1841 akawafungulia shule ya usiku, bila ada. Na kila siku aliandika barua. Barua, barua, barua! Mwaka 1844 akahisi kwamba kuna mtu anazifungua njiani. Akawaambia rafiki zake watie ndani ya bahasha mbegu ndogo za mpopi, au unywele, au chembe za mchanga. Barua zikafika, mbegu hazimo."

"Mwizi alikuwa nani?"

"Serikali ya Uingereza, mwanangu! Posta ilikuwa ikizifungua kwa siri. Habari ilipotoka, bungeni hapakukalika."

Hapo Miwani akacheka. "Koti, hebu tuambie. Bwana wako alipanga maasi mangapi? Na mangapi yalifaulu?"

Koti akainamisha kola yake. Ni kweli, maasi ya Mazzini yalizimwa moja baada ya jingine, na vijana wengi waliuawa.

"Mjomba, kama alishindwa kila mara, mbona tunamkumbuka?"

Kwa sababu kitu cha watu wengi hakifanyiki mpaka watu wengi wakitamani. Kabla ya Mazzini, kijana alisema, "Mimi ni wa Genova," au, "Mimi ni wa Palermo." Mazzini aliwafundisha wengi wao kusema, "Mimi ni Mwitaliano." Na mmoja wa waliolisikia neno hilo alikuwa baharia mmoja mwenye nywele ndefu.

Shati akaruka. "Huyo ni wangu! Nipisheni!"

Garibaldi alizaliwa Nice mwaka 1807, mwana wa baharia. Naye akawa baharia. Aliposikia habari za Italia Changa, akaingia. Mwaka 1834 akajiunga na maasi yaliyopangwa Genova. Yakavunjika kabla hayajaanza. Akakimbia, na nyuma yake mahakama ikamhukumu kifo.

"Akaenda wapi?"

"Amerika ya Kusini," Shati akajibu. "Huko ndiko nilikozaliwa mimi. Mwaka 1843 Garibaldi alikusanya Waitaliano wa Montevideo ili waulinde mji uliozingirwa. Sare hawakuwa nazo, wala pesa za kununulia. Ghalani kulikuwa na mashati mekundu yaliyoshonwa kwa ajili ya wachinja ng'ombe wa Buenos Aires. Rangi nyekundu haioneshi damu, mnaelewa? Kwa kuwa vita vilifunga biashara, mashati yakauzwa rahisi. Ndiyo sisi hao! Tulishonwa kwa ajili ya machinjio, tukaishia kwenye historia."

Huko huko Garibaldi alimpata mkewe Anita, mwanamke wa Brazil, mpanda farasi hodari, aliyepigana bega kwa bega naye. Mwaka 1848 Italia nzima ilipowaka moto wa maasi, wakarudi.

Hapo Koti na Shati wakatazamana, kwa mara ya kwanza bila kununiana. Walikumbuka Roma ya mwaka 1849. Papa alikuwa amekimbia. Watu wa Roma wakatangaza jamhuri, na Mazzini akawa mmoja wa viongozi wake watatu. Mtu aliyezoea kujificha sasa alikuwa mtawala, lakini alilala katika chumba kidogo na kula kwenye mkahawa wa bei nafuu. Mwanamke mmoja wa ukoo wa mabwana, Cristina di Belgiojoso, akasimamia hospitali za majeruhi. Ufaransa ikatuma jeshi kumrudisha Papa, na Garibaldi akaulinda mji kwa wiki nyingi. Kijana Goffredo Mameli, aliyetunga maneno ya wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa wa Italia, akajeruhiwa mguu na kufa. Alikuwa na miaka 21.

Mwanzoni mwa Julai Roma ikaanguka. Mazzini akarudi uhamishoni. Garibaldi akakimbia na watu wake milimani, askari wa Austria nyuma yake. Anita alikuwa mjamzito na mgonjwa. Akafariki karibu na Ravenna, na mumewe hakupata hata nafasi ya kumzika. Ilimbidi akimbie tena.

"Pole yake, Mjomba."

Pole yake, kweli. Alikwenda hadi New York, na huko akafanya kazi katika karakana ya mishumaa.

Sasa Miwani akajipangusa vioo. "Mmemaliza kulia?" akasema. "Ushujaa mliuonesha, naam. Lakini Austria ilikuwa na jeshi kubwa, na nyinyi mlikuwa na mashati. Nani alifikiria hesabu?"

Cavour alizaliwa Torino mwaka 1810, katika ukoo wa mabwana. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye miwani midogo. Alilima mashamba ya familia yake, akahangaika na mbolea na mpunga. Baadaye akaanzisha gazeti. Mwaka 1852 akawa waziri mkuu wa Piemonte, chini ya Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili. Akajenga reli. Akafungua biashara. Kifaransa alikiandika vizuri kuliko Kiitaliano. Na sikilizeni hili: mtu huyu hakuwahi kufika Roma. Hakuwahi kufika Napoli.

"Sasa aliijengaje nchi asiyoijua?"

"Kwa kuijua mezani," Miwani akajibu. "Piemonte peke yake isingeweza kuishinda Austria. Ilihitaji rafiki mwenye nguvu. Mwaka 1855 tukapeleka askari kupigana upande wa Ufaransa na Uingereza katika vita vya Crimea, ingawa Urusi haikutukosea chochote. Tulitaka tujulikane. Julai 1858 bwana wangu akaenda Plombières, mji mdogo wa Ufaransa, kuonana kwa siri na Kaisari wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu. Walipanda kigari wakazunguka msituni, na Kaisari mwenyewe akishika hatamu. Humo garini mpango ukaiva. Ufaransa itatusaidia kumtoa Mwaustria."

"Bure?"

Swali la mfanyabiashara hilo! La, si bure. Ufaransa ilitaka ipewe Savoy na Nice. Ikataka pia binti wa Mfalme, Clotilde, aolewe na binamu wa Kaisari. Binti alikuwa na miaka 15. Bwana harusi alikuwa mtu mzima, mwenye zaidi ya mara mbili ya umri wake. Januari 1859 wakaozeshwa.

Mbona mmenyamaza? Naam. Hata Miwani hapendi kulisimulia hilo.

Vita vikaja mwaka huo huo. Tarehe 24 Juni, huko Solferino, majeshi yalipambana kutwa nzima. Makumi ya maelfu wakaanguka, wafu na majeruhi. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henri Dunant, alipita hapo akaona majeruhi wameachwa bila maji. Hakuweza kusahau. Fikra zake ndizo zilizozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Mkiiona ile alama kwenye gari la wagonjwa, jueni imetoka katika hadithi yetu hii.

Kisha Napoleon wa Tatu akachoka na damu, akapatana na Austria bila kumuuliza Cavour. Piemonte ikapewa Lombardia, yaani Milano na jirani zake. Venezia ikabaki kwa Austria. Cavour akafoka, akajiuzulu. Miezi michache baadaye akarudi madarakani. Toscana na vijidola vya katikati vikapiga kura kujiunga na Piemonte. Na Nice ikapewa Ufaransa.

Shati akasimama wima. "Nice! Mji alikozaliwa bwana wangu! Mliuuza!"

Garibaldi hakumsamehe Cavour. Alimlaumu mbele ya bunge kwamba amemfanya mgeni katika Italia.

Lakini mwaka 1860 ndio mwaka wa Shati. Mwezi wa Aprili watu wa Palermo, Sisilia, waliinuka dhidi ya mfalme wa Napoli. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei, karibu na Genova, Garibaldi akapanda meli mbili za moshi na watu elfu moja na ushei. Walikuwemo mawakili, madaktari, wanafunzi na mafundi. Mwanamke alikuwa mmoja, Rosalia Montmasson. Bunduki zao zilikuwa mbovu. Na si wote waliokuwa na shati jekundu. Wengi walivaa nguo zao za kila siku.

Wakatua Marsala tarehe 11 Mei. Wakashinda Calatafimi. Wakaingia Palermo. Wasisilia wakajiunga nao, mamia kwa maelfu. Wakavuka mlangobahari kwenda bara. Tarehe 7 Septemba Garibaldi akaingia Napoli, tena kwa treni, mfalme wa Bourbon akiwa tayari ameuhama mji. Watu elfu moja walikuwa wameanza kazi, na ufalme mzima ukaanguka.

"Mmeona?" Shati akapiga kelele. "Italia niliijenga mimi!"

"Subiri kidogo," akasema Koti. "Nani aliwachochea Wasisilia kabla hujafika? Ni watu wa bwana wangu. Rosolino Pilo alitangulia milimani kuwaambia mnakuja, na huko akauawa."

"Subiri kidogo," akasema Miwani. "Mlipotaka kusonga hadi Roma, Ufaransa ingeingia vitani na kila kitu kingepotea. Nani alimtuma Mfalme kusini na jeshi, akawazuia kabla hamjaharibu? Ni bwana wangu."

Tarehe 26 Oktoba, karibu na Teano, Garibaldi akamlaki Vittorio Emanuele barabarani. Akampokea kama Mfalme wa Italia. Nusu ya nchi ilikuwa mikononi mwake, naye akaiachia. Yeye mwenyewe alipenda jamhuri, lakini alipenda zaidi Italia iwe moja. Hakutaka vyeo wala zawadi. Akarudi kwenye kisiwa chake cha Caprera, na husimuliwa kwamba alichukua mfuko wa mbegu za kupanda.

Sasa wanangu, mmemsikia kila mmoja. Nani mkweli?

"Shati!"

"Koti!"

"Miwani!"

Mmegawanyika kama wao. Haya, twendeni jikoni. Bibi akitaka kupika, hutega mafiga mangapi? Matatu. Toa figa moja, chungu kinapinduka na mboga inaingia majivuni. Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Mtoe Mazzini: hakuna anayetamani Italia, na Wasisilia wanalala. Mtoe Garibaldi: Cavour angetosheka na kaskazini yake, na Napoli ingebaki na mfalme wake. Mtoe Cavour: Austria ingewakanyaga wote. Na tazameni jambo la ajabu: mafiga hayapendani. Kila moja limekaa upande wake, limempa mwenzake mgongo. Watatu hawa waligombana mpaka kufa, na chungu kikakaa.

Tarehe 17 Machi 1861, bungeni Torino, Ufalme wa Italia ukatangazwa. Cavour akafa tarehe 6 Juni, mwaka huo huo, akiwa na miaka 50. Venezia ikaingia mwaka 1866. Roma ikaingia Septemba 1870, askari wa Italia walipotoboa ukuta wake karibu na Porta Pia.

"Na watu wote wakafurahi?"

Ah! Swali hilo ningelikulipa ningekuwa na hela. Chungu kikishaiva, lazima uulize: nani kala?

Wakulima wa Sisilia waliahidiwa ardhi. Wakangoja. Agosti 1860 wale wa mji wa Bronte wakachoka kungoja, wakaua wakubwa wa mji. Msaidizi wa Garibaldi, Nino Bixio, akaja na askari. Baada ya kesi ya haraka, watu 5 wakapigwa risasi. Ardhi hawakuipata. Katika Italia hiyo mpya, kati ya kila watu 100, wenye haki ya kupiga kura walikuwa kama 2 tu, na hakuna mwanamke hata mmoja kati yao. Garibaldi mwenyewe, alipojaribu tena kwenda Roma mwaka 1862, alipigwa risasi ya mguu na askari wa Italia ile ile aliyoipigania. Naye Mazzini? Mwaka 1866 watu wa Messina walimchagua mbunge, bunge likafuta uchaguzi. Alifariki Pisa mwaka 1872, ndani ya nchi yake, akitumia jina la uongo.

Koti akatoa kauli yake ya mwisho hapo. "Lakini tarehe 2 Juni 1946, Waitaliano waliulizwa: mfalme au jamhuri? Wanawake nao walipiga kura. Wakachagua jamhuri. Bwana wangu alikuwa kaburini miaka 74."

Shati na Miwani hawakumkatiza.

"Mjomba, mimi nina swali. Si Waitaliano walikuja kutawala huku Afrika?"

Nilikuwa nakungoja wewe. Mmoja wa wale elfu wa Garibaldi aliitwa Francesco Crispi, Msisilia, mume wa yule Rosalia. Kijana wa mapinduzi, mtu wa uhuru. Alizeeka akawa waziri mkuu. Ni chini ya uongozi wake Italia ilipeleka jeshi kuitwaa Ethiopia, na tarehe 1 Machi 1896 likapigwa Adwa na majeshi ya Mfalme Menelik. Na hata karibu na kwetu zaidi: mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar, wakati huo akiwa chini ya Waingereza, aliikodisha Italia bandari za Benadir. Mogadishu imo. Merka imo. Barawa imo, mji ambao watu wake wana Kiswahili chao cha zamani, Chimiini. Mwaka 1905 zikauzwa kabisa. Watu wa Barawa hawakuulizwa. Walikatiwa mpaka na kupewa mtawala mgeni, yale yale aliyoyalilia Mazzini ndani ya koti lake jeusi.

"Sasa, Mjomba, watu hao walikuwa wema au wabaya?"

Wapo waliokuwa wema asubuhi na wabaya jioni, mwanangu. Aliyewahi kuonewa hajapata chanjo ya kutokuonea. Basi ukisoma kitabu kinachosema mtu fulani peke yake ndiye aliyeijenga nchi, hata iwe nchi yetu wenyewe, kifungue tena ukiwa na maswali mawili. Wenzake walikuwa nani? Na wakulima wake walipata nini? Mwalimu akikwambia unauliza sana, mwambie Mjomba ndiye aliyekutuma.